Sikio la Kaltumu na Mashine ya Rutayisire

Ukitaka kumkasirisha Kaltumu wa Majengo, usihangaike kumtukana. Mwulize tu bafle yake ina wati ngapi. Bafle ndivyo watu wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio ziwani mpakani na Kongo, wanavyoliita kasha la spika, na Kaltumu ndiye fundi wa kuyaunda. Akisikia swali hilo atakutazama kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, kama mtu aliyeuliza chapati ina mita ngapi, kisha atakugeuzia mgongo aendelee kupiga randa mbao zake.

Yeye ana kipimo chake, nacho ni barabara. Bafle ikishakamilika huibeba hadi kizingitini, akaielekeza nje, akaifunika kitenge isijulikane ni nini, halafu akaweka wimbo mmoja, ule ule miaka yote: sauti ya binti yake Ineza, ambaye sasa ni mtu mzima na anaishi mbali, alipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, akiimba peke yake, bila ngoma wala gitaa. Kisha Kaltumu hukaa ndani akichungulia wapita njia. Mpita njia akitikisa kichwa tu, bafle inarudi ndani, kazi bado. Akisimama akatafuta spika ilipo, bado vilevile. Lakini akigeuka akamtafuta mtoto, akachungulia nyuma ya mlango aone ni nani huyo anayeimba vizuri hivyo, basi! Kaltumu anapiga makofi na vigelegele juu, na bafle iko tayari kutoka. Kuna siku mchuuzi wa sambaza, vile visamaki vya ziwani, alitua beseni lake, akaingia moja kwa moja na konzi ya samaki mkononi kumtunza mwimbaji. Habari hiyo Kaltumu aliisimulia mwaka mzima, na katika kusimulia, konzi ikawa sahani, sahani ikawa ndoo.

Kazi aliirithi. Baba yake, Mwislamu wa hapo hapo Majengo, alikuwa fundi redio. Mama yake, Mukandori, alikuwa mwimbaji wa kwaya kutoka Cyanzarwe. Nyumba ile ilisherehekea Idi na Noeli, na katikati ya sikukuu hizo mezani hapakukosa redio iliyopasuliwa tumbo. Mzee alikuwa akimwambia binti yake afumbe macho, kisha yeye anagusa waya huu na ule, na mtoto aseme sauti imebadilika vipi. Ndiyo shule aliyosoma Kaltumu, na hakuona sababu ya kutafuta nyingine. Kwa ubishi, Mungu amsamehe, angeweza kubishana na mvua.

Karakana yake ina chumba kikubwa nyuma, kuta za mawe meusi ya volkano, yale mawe yenye matundu ambayo huko hakuna asiyejengea. Hapo ndipo anapokaa kusikiliza na kubadilisha vifaa vya ndani ya bafle mpaka sikio liridhike. Nusu ya chumba hicho alimwachia mdogo wake Nasrine, mfanyabiashara anayevuka mpaka kwenda Goma kila siku ya Mungu na kurudi na mizigo ya mablanketi. Baridi ya Bugeshi, kule milimani, haina mzaha, na watu wa huko hushuka kumtafuta Nasrine. Baridi ikikaribia, mablanketi hupangwa hadi darini. Yakiisha, ukuta unabaki mtupu. Kaltumu hakuwahi kulalamika. Ndugu ni ndugu.

Basi Juvénal, kijana wa jirani aliyekulia kwenye muziki wa kizingitini pale, akajenga ukumbi wa harusi karibu na ziwa, sakafu ya vigae, madirisha marefu, jukwaa pana. Akaja kwa Kaltumu kuagiza bafle mbili kubwa, moja kila upande wa jukwaa. Mama huyo alifurahi hadi akasahau kubisha. Harusi zote za Gisenyi! Wageni wa pande mbili za mpaka, wazee, mabibi harusi, wote wangesikia kupitia mikono yake! Alikuwa amepita miaka hamsini na hajawahi kupata kazi ya namna ile.

Bafle ya kwanza aliimaliza baridi ikikaribia. Juvénal hakuweza kungoja. Aliipakia kwenye gari siku ile ile iliyotoka kizingitini, apate kuitumia kwenye posa ya binamu yake. Ya pili ilichelewa, kwa sababu spika yake kubwa ilikwama njiani majuma mengi. Ilipokamilika nayo ilipita mtihani wa barabara bila wasiwasi. Padri mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli aligeuka kumtafuta mtoto, nusura aingie mtaroni. Ikapelekwa ukumbini kwa mkokoteni, na Kaltumu nyuma yake, kitenge kipya, kichwa juu.

Kule ukumbini alimkuta Rutayisire.

Rutayisire alikuwa fundi mitambo, mzaliwa wa Mwanza aliyerudi Rwanda na wazazi wake, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama rula. Juvénal alikuwa amemwita kuunganisha nyaya. Lakini mtu wa vipimo hawezi kukaa karibu na kitu bila kukipima. Alikuwa amesimamisha maikrofoni nyembamba katikati ya ukumbi, na kwenye kompyuta yake mistari ilikuwa ikingoja. Alipobonyeza, bafle ya kushoto ilitoa mlio uliopanda kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, kama chupa inayojazwa maji bombani. Halafu ya kulia. Mistari miwili ikatokea, mwekundu na wa kijani. Ilitembea pamoja sehemu kubwa ya njia, lakini ilipofika mwisho, kwenye sauti nyembamba, iliachana kama watu waliokosana.

"Mama Ineza, samahani sana," alisema Rutayisire. "Bafle zako hazifanani. Hii ya kushoto sauti za juu zimezidi, na hii ya kulia zimepungua. Nadhani twita ya kulia imechoka."

Twita ni ile spika ndogo inayotoa sauti nyembamba. Kumwambia Kaltumu kwamba ameweka twita iliyochoka ni sawa na kumwambia mpishi kwamba nyama yake inanuka.

"Imechoka? Twita ya mupya?" alifoka kwa Kiswahili chake cha mpakani. "We kijana, hii mashine yako iko na masikio?"

"Haina, mama. Ndiyo maana haina upendeleo."

"Na harusi iko inachezwa na mashine ao na batu?"

Juvénal akajitia katikati, jasho linamtoka. "Maman Ineza, bon, tusigombane. Samedi, Jumamosi hii, tunafungua. Iko bafle zingine za kutoka ng'ambo, zinangojea Kigali, mi napiga simu tu. Donc, kama hizi haziko sawa..."

Hapo ndipo Kaltumu alipojifunga kamba mwenyewe. Alipiga kifua kwa kiganja, mbele ya Juvénal, mbele ya Rutayisire, mbele ya mafundi rangi waliokuwa juu ya ngazi. "Juvénal, unisikilize muzuri. Hizi bafle mi nilizitengeneza na hii sikio, moja na ingine, na sikio ilisema ziko sawa. Kama ilinidanganya, haki ya Mungu, mi sitengenezi bafle tena. Nitauza sambaza!"

Mafundi rangi waliacha brashi zao hewani. Rutayisire hakucheka wala hakuringa. Alisogeza kiti hadi katikati ya ukumbi, akasema kwa adabu, "Basi tusiangalie mashine, mama. Keti hapa, usikilize mwenyewe."

Kaltumu akaketi, akafumba macho. Wimbo wa Ineza ukaanza, bafle zote mbili kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu ziundwe.

Alichosikia kilimkata maini. Kifua cha Ineza kilikuwa katikati, mahali pake. Lakini mdomo ulikuwa umehamia kushoto. Kila silabi kali, kila sss na kila ttt, ilitoka upande ule peke yake, huku sauti iliyobaki imesimama palepale imeduwaa. Mtoto wake alikuwa amegawanywa vipande viwili. Bafle moja moja zilikuwa watu wazima wenye heshima zao. Zilipowekwa pamoja ziligombana kama mawifi jikoni.

Angeweza kusema ziko sawa. Nani angemtoa sikio alipime? Kaltumu alikuwa mtu wa kudanganya kuhusu umri wake, ndiyo, na kuhusu samaki, ndiyo, lakini si kuhusu sauti. Alifumbua macho.

"Haziko sawa," alisema.

Aliondoka bila kuaga. Juvénal alimkimbilia hadi getini, akamwambia atangoja hadi kesho jioni kabla ya kupiga simu Kigali, lakini mama alikuwa akitembea na macho yake chini. Kama sikio lingekuwa limekufa angejua. Kwani si lilikuwa limesikia vizuri tu pale ukumbini, tena bila kusaidiwa? Basi kwa nini lilimwambia uongo karakanani? Aliona uchungu wa kweli, uchungu wa mtu aliyesalitiwa na rafiki wa utotoni. Asiyekubali kushindwa si mshindani, alijiambia, na kiapo ni kiapo.

Alipofika alianza kushusha zana ukutani. Randa, msumeno, chuma cha kulehemu, moja baada ya nyingine akazifunga kwenye kitenge. Kwa kuaga, akawasha bafle kuukuu ya baba yake iliyokaa pembeni ya kile chumba cha mawe, akaweka wimbo wa Ineza uimbe ukijirudia. Sauti ilijaa kuta, kali na safi. Kaltumu alifunga zana akilia, na hakuona haya kulia.

Mara mlango wa nyuma ukasukumwa. Nasrine aliingia na wabebaji wake, kelele tupu, mvua imeanza Bugeshi, mpaka ulikuwa na foleni, na nani amekufa humu ndani mpaka dada yake anatokwa na machozi? Hakungoja jibu. Biashara kwanza. Wabebaji wakaanza kupanga marobota ya mablanketi ukutani, robota juu ya robota.

Kaltumu akanyanyua kichwa.

"Nani amegusa bafle?"

"Hakuna mutu amegusa," alisema Nasrine.

"Sauti ya Ineza imerudi nyuma. Amevaa sweta."

"Kaltumu, dada yangu, uende ulale."

"Toa hayo mablanketi!"

"Nini?"

"Toa inje! Yote!"

Wabebaji walimtazama Nasrine, Nasrine akamtazama Mungu, kisha mablanketi yakatoka. Na sauti ya Ineza ikavua sweta! Sss na ttt zikarudi zote, zikigonga mawe. "Rudisha!" Mablanketi yakaingia, sweta ikavaliwa. "Toa!" Mbebaji mmoja alianza kudai malipo ya mara mbili. Kaltumu hakumsikia, alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani, anacheka na machozi bado mashavuni.

Kwa sababu sasa alielewa. Bafle ya kwanza aliisikiliza chumba kikiwa kimejaa mablanketi hadi darini. Mablanketi yakameza sauti nyembamba, na yeye, akiona zimepungua, akaziongeza mpaka sikio likaridhika. Bafle ya pili aliisikiliza mablanketi yameuzwa yote, ukuta mtupu unapiga kelele, na yeye, akiona zimezidi, akazipunguza. Mara zote mbili sikio lilisema kweli. Lilikuwa likisikiliza bafle na chumba kwa pamoja, na mwenye chumba hakujua kwamba chumba kinabadilika.

"Nasrine! Ni mablanketi yako!"

"Yameibiwa?" Nasrine alishtuka.

"Yameimba! Miaka yote hii yanaimba na mi sijui!"

Akatoka mbio. Majengo nzima ilimwona Kaltumu, mama mzima, akikimbia kuelekea ziwani na kandambili moja mguuni na nyingine mkononi. Alimkuta Rutayisire anakunja nyaya, akamshika mkono, akamburuta hadi barabarani na mashine yake, huku akimweleza mambo ya Bugeshi, sweta na marobota kwa mpigo mmoja. Kijana hakuelewa neno hata moja, ila alielewa uso wake, akafuata.

Pale chumbani Rutayisire alisimamisha maikrofoni yake mbele ya ile bafle kuukuu. Akapima mablanketi yakiwa ndani, akapima yakiwa nje. Kwenye kompyuta, mwisho wa mstari ulishuka, ukapanda. Alipima tena, si kwa shaka, ila kwa utamu wa kuona. Kisha huyo kijana wa Kiswahili cha rula akaruka juu kama mtoto aliyeona goli.

"Mama Ineza! Tofauti ni ile ile! Ile ile niliyoipata ukumbini!" Halafu akatulia, akajikuna kidevu. "Nami nilisingizia twita yako. Mashine iliniambia kuna tofauti. Haikuniambia kwamba kuna mablanketi."

"Na sikio ilisikia mablanketi," alisema Kaltumu, "lakini haikuniambia kama iko mablanketi. Ilizania ni bafle." Akavuta pumzi. "Bila mashine yako, kijana, ningekufa na ubishi wangu."

Nasrine aliyekuwa amekaa juu ya marobota alisema kwamba kama wamemaliza kuombana msamaha, kuna watu wana bidhaa za kupanga.

Asubuhi yake walizileta bafle zote mbili uani, mbali na kuta, juu yao mbingu tu, maana mbingu haina mablanketi. Rutayisire anapima, Kaltumu anabadilisha kifaa kimoja kidogo nyuma ya twita, Rutayisire anapima tena. Mistari miwili ikasogeleana, ikagusana, ikalala mmoja juu ya mwingine usijue upi mwekundu. Kijana akataka kufunga mashine yake. Mama akamzuia.

"Ziko mapacha, sawa. Lakini ni mapacha wa tabia gani? Ule ukumbi iko na vigae, na vigae inarudisha kelele. Hivi zitapiga watu makofi masikioni."

"Lakini mama, mstari umenyooka!"

"Batu hawanyooke."

Walibishana, na ubishi huo ulikuwa mtamu, maana kila mmoja alikuwa amepata mwenzake. Mwishowe wakagawana kazi. Mashine ingehakikisha bafle zinabaki mapacha, na sikio lingeamua mapacha hao wawe na tabia gani. Kaltumu akazipunguza sauti za juu kidogo, zote mbili sawasawa, akageuza mgongo, akasikiliza, akapunguza tena. Rutayisire alipima kila hatua, akiuma midomo kila mstari wake ulipoinama. Nasrine alitangaziwa kwamba mablanketi yake yanaweza kukaa hadi Kiyama, kwa kuwa kuanzia siku hiyo bafle zitasikilizwa nje. Alijibu kwamba hakuwa ameomba ruhusa.

Jioni bafle zikarudi ukumbini. Juvénal alikuwa na simu mkononi tayari kuipigia Kigali. Kaltumu alifika amemshika mkono mama yake, Mukandori, bibi wa kwaya mwenye macho yaliyoingia ukungu siku nyingi lakini masikio ya paka. Bibi huyo alikuwa ameacha kwenda harusini kabisa, kwa sababu ya zile kelele za spika, alisema, zinazomchoma kama sindano. Alikuja huku akinung'unika njia nzima. Wakamketisha katikati ya ukumbi, fimbo yake magotini.

"Mama, utuambie tu unasikia nini," Kaltumu alisema. Kiapo chake kilikuwa bado kinaning'inia, na zana zake, isipokuwa chuma cha kulehemu, zilikuwa bado zimefungwa kwenye kitenge.

Rutayisire akabonyeza. Ineza akaanza kuimba.

Haikutoka kushoto. Haikutoka kulia. Pale katikati ya jukwaa, mahali pasipo na kitu ila zulia, mtoto alikuwa amesimama mzima, kifua chake na mdomo wake, na hata ile pumzi ndogo aliyovuta kabla ya ubeti wa pili. Juvénal alishusha simu. Kaltumu alijishika mdomo asipige kelele, na vigelegele vikamjaa kifuani hadi vikamuuma.

Mukandori alikuwa ameinua uso. Alinyoosha fimbo yake ikaelekea pale pale, katikati, kwenye hewa tupu.

"Yewe! Ineza alifika saa ngapi?" aliuliza. "Mbona munamuacha amesimama? Ametoka mbali. Mumupatieko mutoto kiti."

Juvénal alifungua mdomo kumweleza, na Kaltumu akamkanyaga mguu. Rutayisire alikuwa ameinuka tayari. Aliiacha kompyuta yake na mistari yake, akaenda ukutani, akachagua kiti kimoja kati ya vile vipya vya harusi, akakibeba kwa mikono miwili hadi katikati ya bafle zile mbili, akakiweka chini polepole, asimkatize anayeimba.